Panya 15 wa Pasaka: barua ya wazi kwa wasimamizi wa wanyama wa maabara

Kwa:
Wajumbe wa Baraza la Ushauri la Ustawi wa Wanyama,
Wizara ya Mifugo na Uvuvi,
na wakuu wa vituo vyote vya utafiti vinavyofuga wanyama wa majaribio nchini.

YAH: RIPOTI YA KILA MWAKA YA HALI YA WANYAMA WA MAABARA

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Gungu, Kigoma, nilikorudi baada ya kustaafu. Kwa miaka 26 nilikuwa mhudumu wa chumba cha wanyama katika kituo cha utafiti. Kituo hicho hakipo mkoani Kigoma. Sitakitaja, wala sitamtaja mtu yeyote niliyefanya naye kazi, kwa sababu ninachoomba hakihitaji jina la mtu. Kinahitaji fomu irekebishwe na ikishajazwa isomwe na watu.

Kazi yangu ilikuwa kulisha, kunywesha, kubadilisha maranda, kuosha vizimba, kuwatenganisha madume wakianza kung'atana, na jioni kuandika. Tulikuwa na kaunta buku lenye safu nilizozichora mwenyewe kwa rula: tarehe, waliozaliwa, waliochukuliwa na mtafiti, waliokufa, kilichowaua, waliobaki. Mwisho wa mwezi namba zile zilihamishiwa kwenye fomu ya kupeleka juu. Fomu ilikuwa na machache kuliko daftari. Iliuliza mambo matatu tu: aina ya mnyama, waliopo, waliotumika.

Sasa niwasimulie habari ya Pasaka moja.

Mwaka huo kulikuwa na jaribio la mitishamba ya kushusha sukari. Vizimba 5, panya weupe wadogo 8 kila kimoja. Wa kizimba cha kwanza walikuwa wazima. Wa vizimba 4 vilivyobaki walikuwa wamechomwa sindano ya aloksani, kemikali inayoua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Ni njia ya siku nyingi ya kumpa panya kisukari. Kizimba cha pili hawakupewa dawa yoyote. Cha tatu walipewa dawa ya hospitali, cha nne mitishamba kidogo, cha tano mitishamba kwa wingi. Aliyeishi na mgonjwa wa kisukari ambaye hajaanza dawa anaijua ile kiu. Panya naye ni hivyo hivyo. Panya mzima wa gramu 25 hunywa kama mililita 5 kwa siku. Mwenye kisukari hunywa mara kadhaa ya hizo, na asubuhi unayakuta maranda yake yameloa chapachapa. Chupa inayowatosha wazima karibu wiki nzima haiwafikishi hawa siku ya pili.

Alhamisi Kuu nilijaza chupa zote. Nikapatana na mlinzi kwamba Ijumaa na Jumapili aingie azijaze tena, nikamwachia na hela ya sikukuu kidogo. Kisha nikapanda treni kuja Kigoma kumwona mama yangu aliyekuwa anaumwa. Tulipokaribia Malagarasi mkaguzi akaomba tiketi, nikatia mkono kwenye mkoba, nikaushika ufunguo wa chumba cha wanyama.

Funguo zilikuwa mbili. Wa pili alikuwa nao mtafiti, naye alikuwa Dar es Salaam. Nilipopata mtandao nikampigia mlinzi. Akaniambia, "Mama, mlango ni wa chuma." Nikamwambia avunje dirisha. Akanyamaza, kisha akasema, "Nikivunja dirisha la ofisi sikukuu, Jumanne utanikuta polisi, na wewe hutakuja kunitoa." Sikumlaumu, na simlaumu hata leo.

Chumba cha panya hakinyamazi. Usiku ndio mchana wao, na ukifungua mlango alfajiri unapokewa na mchakacho wa maranda kila upande. Jumanne ile nilipofungua, upande mmoja ulisikika mchakacho na upande wa pili hapana. Kizimba cha pili wote 8 walikuwa wamekufa, wamerundikana chini ya mrija wa chupa. Cha nne walikufa 5. Cha tatu mmoja, cha tano mmoja. Cha kwanza walikuwa wanazunguka kama kawaida, chupa yao ina maji robo.

Mkubwa wangu hakuwa mtu mbaya. Alisimama mlangoni akahesabu kwa kidole, akaniuliza nani mwingine anajua. Kisha akachomoa kalamu mfukoni mwa koti, akanipa, akasema, "Andika walitumika."

Nikaandika. Panya 15, walitumika.

Waheshimiwa, yule mama aliyesahau ufunguo ni mimi, na neno lile liliniokoa mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Ningeweza kupewa barua ya onyo, labda zaidi. Kwa hiyo simshtaki mtu. Nataka mwone jinsi fomu ilivyotusaidia wote wawili: haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mnyama amekufa kwa kiu. Tungetaka kusema kweli, tungeiandika pembezoni, na pembezoni hapahesabiwi.

Tena tazameni vizimba vile upya, maana kuna jambo lililonichukua wiki nzima kulielewa. Waliokufa ni wale waliokuwa wanakunywa sana. Waliopewa mitishamba mingi sukari ilikuwa imeshuka, kiu ikapungua, maji yakawasogeza hadi karibu na Jumanne. Mtu asiyejua habari ya ufunguo angechora jedwali safi kabisa: bila dawa wamekufa 8 kati ya 8, dawa kidogo wamekufa 5, dawa nyingi amekufa mmoja. Angesema mti huu unaokoa maisha. Mtafiti wetu alikuwa muungwana; aliambiwa ukweli kwa mdomo, akalitupa jaribio lote akaanza upya na panya wengine 40. Lakini kwenye karatasi ya mwaka ule panya wake wote 80 walitumika. Ukweli ulibaki kwa watu watatu na mlinzi mmoja.

Je, angekuwa mtafiti mwingine, mwenye haraka ya shahada?

Msije mkadhani nimeandika kupinga utafiti. Mimi ni Muha wa upande wa Kasulu, nimekulia penye mbung'o. Mjomba wangu aliugua malale, ikafika kichwani, akachomwa sindano za melasoproli. Hiyo ni dawa yenye arseniki, iko tangu mwaka 1949, na inaunguza mshipa inapopita. Katika kila wagonjwa 100 waliochomwa, kama 5 waliuawa na dawa yenyewe. Mjomba alipona, lakini hadi anazeeka alikuwa akiona bomba la sindano anatoka nje. Mwishoni mwa mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliikubali feksinidazoli, vidonge vya kumeza, kwa malale ya aina hii yetu ya mashariki, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda. Kabla ya kufika kwa wagonjwa ilipita kwa panya. Nawajua wanaosema bora dawa isiwepo kuliko panya ateseke. Hawakumwona mjomba.

Kwa sababu hiyohiyo nasema panya aliyekufa kwa kiu ametuibia mara mbili. Ameteseka, na hakuna aliyepona kwa mateso yake.

Niwaambie kidogo tunachokiona sisi wa chini, kwa maana nadhani wengi wenu mmemfahamu panya akiwa tayari ni namba. Panya mwenye maumivu anasimamisha manyoya, anakunja mgongo, anajitenga pembeni, anaacha kujenga kiota. Uso unabadilika. Mwaka 2010 wataalamu wa Montreal, Kanada, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa panya: macho yanafinywa, pua na mashavu yanavimba, masikio yanarudi nyuma, sharubu zinabadilika. Niliposimuliwa nilicheka, si kwa dharau. Wahudumu wote niliowafahamu walikuwa wanausoma uso huo kila asubuhi, ila hatukuwa na safu ya kuuandika. Mwaka huohuo wengine wa Uingereza wakaonyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia anaishi na hofu, na anayeinuliwa kwa kiganja au akiingia mwenyewe kwenye kipande cha bomba anatulia. Nilikuwa na kipande cha bomba la maji nilichokata kwa msumeno miaka mingi nyuma. Vijana wapya waliniona mchawi.

La kuchekesha zaidi ni hili. Mwaka 2014 wale wa Montreal wakaja na jambo jingine: panya akinusa mwanamume, hata fulana tu aliyoivaa mwanamume, anashikwa na wasiwasi kiasi kwamba maumivu anayoyaonyesha yanapungua. Harufu ya mwanamke haimfanyi hivyo. Wanaume wa kituo chetu hawakulifurahia. Lakini fikirini maana yake: matokeo ya jaribio yanaweza kubadilika kwa kubadilisha tu mtu wa zamu. Kama hata fulana inahesabika, vipi chupa tupu, vipi joto la Oktoba umeme ukikatika na feni ikasimama, vipi maranda ya mbao iliyopigwa dawa ya mchwa? Ripoti ya hali ya mnyama ni sehemu ya matokeo. Aliyeisoma dawa bila kuisoma hali ya panya amesoma nusu.

Sasa sheria. Nchi yetu haiko uchi. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, inayotambua kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, na ndiyo iliyoliunda Baraza ninaloliandikia. Tunayo COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti, na vyuo na taasisi zina kamati za maadili. Yote hayo, kwa jinsi nilivyoyaona mimi nikiwa na ndoo mkononi, yanatazama mlangoni: mtafiti anaandika atafanya nini, wanyama wangapi, atawapa dawa gani ya ganzi. Akishapewa kibali ameingia. Sijawahi kuulizwa na mtu kutoka nje ya kituo, katika miaka 26, nini kilitokea kweli.

Waingereza nao walianza kwa kutazama mlangoni. Sheria yao ya sasa ya wanyama wa majaribio ni ya mwaka 1986, na kila mwaka serikali yao inatoa hesabu hadharani. Mwaka 2023 walihesabu taratibu za majaribio milioni 2.68 zilizofanyiwa wanyama hai. Namba inatisha, lakini walau wanaijua. Tangu mwaka 2014 hawahesabu vichwa tu. Kila mnyama anaandikiwa kiwango cha mateso yaliyompata kweli jaribio lilipokwisha, madogo, ya kati au makali, au kwamba alilazwa kwa ganzi na hakuamshwa tena. Mtafiti aliyeahidi mateso madogo na yakawa makali, inaonekana. Panya wangu 15 wangeandikwa makali, na mtu angeuliza.

Wamarekani wana sheria kongwe kuliko hiyo, ya mwaka 1966, nao wana ripoti ya kila mwaka inayogawa wanyama kwa kiasi cha maumivu. Ila sheria hiyo haiwahesabu panya, wakubwa kwa wadogo, waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, wala ndege wa namna hiyo, wala samaki. Yaani walio wengi kupita wote hawamo. Ni kama kuhesabu watu wa Kigoma ukaacha wanaokula dagaa. Tukitaka kuiga, tuwe macho tunaiga nini.

Nimetaja samaki kwa makusudi, maana hili ni letu. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, wengi wao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani. Mnawajua wale wadogo wa kwenye miamba, wenye rangi, ambao wazamiaji wanawavua wakiwa hai kwa ajili ya matangi ya mapambo ya Wazungu. Samaki mwingine wa ziwa hili, Astatotilapia burtoni, amekuwa samaki wa maabara kwa miongo mingi, Stanford huko Marekani na kwingineko, kwa sababu dume akipanda cheo kati ya wenzake rangi inabadilika kwa dakika chache na ubongo nao unabadilika. Wapo wengine ambao ndugu wakubwa hubaki kwenye mwamba kuwalea wadogo zao, nao wanasomwa Ulaya na Kanada. Akiwa Ulaya samaki huyo anahesabika, kwa kuwa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 linamhesabu kila mnyama mwenye uti wa mgongo. Akitua Marekani, kwa sheria ile ya 1966, si mnyama. Akiwa kwenye tangi la utafiti hapahapa kando ya ziwa lake, nani anaandika kwamba leo pampu ya hewa ilizimika wakaelea wangapi? Naomba jibu lenu liwe kwenye karatasi.

Najua mtakachosema wakubwa: wahudumu wa wanyama ni watu wa darasa la saba na kidato cha nne, hawawezi kuandika ripoti ya kitaalamu. Hapo ndipo mlipomkosea mtu wa Kigoma.

Nendeni Kibirizi mkapande boti ya kaskazini, mshuke Gombe. Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika pale Julai 1960. Dunia inamjua yeye, na alistahili. Alifariki Oktoba 2025, na hapa Kigoma tuliomboleza kama msiba wa nyumbani. Lakini Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi 4 wa kigeni usiku, na baada ya hapo wageni hawakuweza kukaa tena msituni kama zamani. Kazi ilibaki mikononi mwa Watanzania, vijana wa vijiji vya kando ya hifadhi, Mwamgongo, Mtanga na kwingine, ambao wengi hawakuwa wameona chuo. Waliwafuata sokwe tangu wanaamka kwenye viota hadi wanalala, na waliandika kwa Kiswahili: nani kala nini, nani kampiga nani, nani anaharisha, nani hakuonekana. Maprofesa wa ng'ambo wamejenga majina yao juu ya madaftari hayo.

Mnajua ni kitu gani madaftari hayo yanacho ambacho daftari langu halikuwa nacho? Kila mnyama ana jina, na kifo hakifichwi. Sokwe akifa Gombe maiti inatafutwa, inachunguzwa, chanzo kinaandikwa. Akikosekana, nako kunaandikwa. Ndiyo maana mwaka 2009 iliwezekana kuonyesha kwamba sokwe wenye SIV, virusi vya ukoo mmoja na VVU, wako kwenye hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri wao. Kabla ya hapo iliaminika virusi hivyo haviwadhuru. Marekani walishawaambukiza sokwe VVU kwenye maabara zao tangu miaka ya 1980, na karibu wote hawakuugua. Jibu lilipatikana kwenye kinyesi na mkojo uliookotwa chini ya miti ya Gombe, bila sindano hata moja, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeandika kila siku nani yuko wapi na nani amekufa lini.

Na kuhusu hao sokwe wa maabara, kuna somo la wakuu wa vituo wanaoogopa kufungua vitabu. Mwishoni mwa mwaka 1986 ulitoka mkanda wa video kutoka maabara moja karibu na Washington. Sokwe wadogo walikuwa kwenye masanduku, mmoja mmoja. Mkanda huo haukutolewa na maabara. Kuna watu waliingia kwa siri wakachukua picha. Goodall aliuona, mwaka uliofuata akaomba kuingia kwa mlango wa mbele, akaingia, na hakunyamaza tena. Desemba 2011 jopo la wanasayansi wa Marekani likahitimisha kwamba sehemu kubwa ya utafiti wa tiba kwa kutumia sokwe haikuwa ya lazima, na Novemba 2015 taasisi zao za taifa za afya zikafunga ukurasa huo. Nawauliza wakuu: mngependa habari za vyumba vyenu zitoke kwa ripoti mliyoitia saini, au zitoke dirishani kwa simu ya kijana wa field? Siku hizi kila mhudumu ana kamera mfukoni.

Ninachoomba ni hiki. Kila kituo kinachofuga wanyama wa majaribio, wawe panya, sungura, simbilisi, samaki au mbuzi wa kutolea damu, kilete kwa Baraza hesabu moja kila mwaka, na Baraza liitoe hadharani kwa Kiswahili. Iwe na waliotumika, na mateso yaliyowapata kweli, yasiwe yale yaliyoahidiwa kwenye kibali. Iwe na safu ya waliokufa bila kutumika na kilichowaua: kiu, joto, kung'atana, ugonjwa, chakula chenye ukungu, ufunguo. Iwe na waliozalishwa wakazidi wakauawa kwa kukosa kazi. Hao nao ni wengi, na sijawahi kuwaona kwenye karatasi ya mtu. Na chini ya saini ya mkuu wa kituo iwepo saini ya mhudumu, aulizwe kwanza, peke yake, kama namba hizi ndizo alizoziandika jioni.

Jambo la adhabu nalitaja pekee kwa kuwa ndilo litakaloiua ripoti hii kabla haijazaliwa. Mkianza kwa kumfukuza mhudumu wa kwanza atakayeandika "wamekufa kwa kiu, nilisahau", hamtaliona neno hilo tena. Mtaona "walitumika" nchi nzima. Wenye ndege wameshaelewa kwamba rubani akiadhibiwa kwa kila kosa analoripoti mwenyewe, makosa yatasikika kwenye mabaki. Mtu wa maranda naye asiadhibiwe kwa kosa aliloliripoti mwenyewe. Aliyeficha ndiye aulizwe.

Mtaniambia hakuna fungu. Safu mbili kwenye fomu hazina fungu. Funguo tatu badala ya mbili ni shilingi elfu chache kwa fundi wa sokoni Mwanga. Posho ya mtu mmoja kubaki zamu siku 4 za sikukuu ni ndogo kuliko panya 40 wa kurudia jaribio, ukiweka chakula, kemikali na miezi ya mtafiti. Hesabu hiyo niliwahi kumpigia mkubwa wangu kwenye kipande cha boksi. Akaniambia nina akili. Pasaka iliyofuata nilibaki mwenyewe, bila posho.

Na wale mtakaosema wananchi wakiona namba watapiga kelele utafiti usimame: sisi ni watu wa kuchinja kuku mbele ya watoto. Hatuzimii kwa kusikia panya amekufa. Tunachotaka kujua ni kama amekufa kwa sababu, na kama kuna mtu alikuwa anamtazama.

Daftari la mwaka ule lilibaki kituoni nilipostaafu, kwenye kabati la chuma chumba cha nyuma, pamoja na mengine ya miaka yangu. Mtakapoanza kukagua, na naomba muanze na ya zamani, mtalitambua kwa kuwa nilikunja pembe ya ukurasa. Ukurasa wote ni wino wa bluu, kalamu yangu. Neno "walitumika" mbele ya 15 ni jeusi. Kwenye safu ya kilichowaua hakuna kitu, ni kistari tu. Naomba mtu mwenye mamlaka aandike hapo "kiu", aweke tarehe na saini. Mimi nikiitwa kushuhudia nitakuja, treni ninaijua.

Wenu katika kazi,

Mhudumu mstaafu wa chumba cha wanyama,
Gungu, Kigoma